Una hati ya siku 90 na unataka fedha leo: njia tano kwa mfanyabiashara wa Tanga

Umepeleka mzigo, umepokelewa, umesainiwa. Mkononi una karatasi inayosema utalipwa shilingi milioni 10 baada ya siku 90. Lakini vibarua wanalipwa Jumamosi, mwenye lori hasubiri, na tarehe 20 ya mwezi ujao TRA wanataka VAT ya ankara uliyokwisha kuitoa, hata kama mnunuzi hajakulipa senti moja.

Hali hii imejaa Tanga. Wanaijua wasambazaji wa vyakula, kokoto na usafiri kwa wakandarasi wa bomba la mafuta kule Chongoleani. Wanaijua wenye malori wanaobeba mzigo wa bandarini, wakusanyaji wa machungwa wa Muheza wanaouza kwa mkopo, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani, na wasafirishaji wa mkonge ambao mnunuzi wao yuko ng'ambo. Wengi hujikuta wamekwama kati ya kusubiri, kwenda benki, na kumfuata mtu mwenye fedha zake mtaani.

Nimeziweka njia tano pamoja na kuzipima kwa vipimo vilevile. Sitakwambia moja ndiyo bora kwa kila mtu, kwa sababu haipo. Ila nina msimamo mmoja nitakaourudia: usianze kwa kuuliza riba ni asilimia ngapi. Anza kwa kuuliza, aliyesaini asipolipa, nani ataumia?

Kwanza, una karatasi gani?

Watu husema "nina hati" wakimaanisha vitu vitano tofauti, na kila kimoja kina njia zake.

Hundi ya benki, ile inayotolewa na benki yenyewe baada ya kukata fedha za mteja wake, haihitaji makala hii. Ipeleke kwenye akaunti yako, subiri ipite, basi. Usimpe mtu yeyote asilimia hata moja kwa hundi ya namna hiyo.

Hundi ya kampuni yenye tarehe ya mbele ni ahadi tu mpaka siku yake ifike. Kumbuka pia kwamba hundi inayotoka benki moja kwenda nyingine ina kikomo cha shilingi milioni 10, na malipo makubwa zaidi hupita TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo kati ya mabenki. Hundi ya milioni 25 ya benki nyingine ni tatizo tangu ilipoandikwa, hata kama fedha zipo.

Hati ya ahadi ni maandishi ya mdaiwa mwenyewe: "Naahidi kumlipa fulani kiasi hiki tarehe hii." Bili ya biashara huandikwa na muuzaji, ikimwamuru mnunuzi alipe siku fulani, na mnunuzi anaikubali kwa kuisaini. Zote mbili zinatawaliwa na Sheria ya Bili za Kubadilishana, Sura ya 215, na sharti lake kubwa ni kwamba ahadi isiwe na masharti. Hapa ndipo wakandarasi wadogo wengi wanapopotea. Karatasi inayosema "nitakulipa nikishalipwa na mkandarasi mkuu" si hati ya ahadi kisheria, hata ikiwa na mihuri mitatu. Ni makubaliano ya kawaida, na hakuna benki itakayoinunua kama hati. Ukiweza, kabla hujapakua mzigo, omba ibadilishwe iwe na tarehe kamili na kiasi kamili.

Mwisho kuna ankara iliyosainiwa kupokelewa pamoja na LPO, yaani oda ya maandishi ya mnunuzi. Hii ndiyo karatasi ya wengi. Si hati ya kuhamishika kama bili, lakini ni deni linaloweza kukabidhiwa kwa benki kwa mkataba.

Vipimo nitakavyotumia

Vitano. *Mkononi*: unabaki na kiasi gani baada ya makato yote. *Muda*: siku ngapi mpaka uishike fedha. *Asipolipa*: nani anabeba hasara. *Wanachotaka*: karatasi, dhamana na saini zinazodaiwa. *Mnunuzi*: atajua, na atajisikiaje. Kisha nitasema inamfaa nani.

Mfano wa hesabu ni mmoja kote: hati ya shilingi 10,000,000, zimebaki siku 90. Riba ninayotumia kwa benki ni asilimia 18 kwa mwaka na ada ya asilimia 1. Hizo ni namba za mfano, si tangazo la benki yoyote. Kwa miaka ya karibuni wastani wa riba za mikopo nchini umekuwa ukizunguka asilimia 15, lakini mfanyabiashara mdogo asiye na historia ndefu mara nyingi hutajiwa zaidi, kwa hiyo 18 si mbali na uhalisia.

Njia ya kwanza: kusubiri, benki ikukusanyie

*Mkononi*: karibu milioni 10 yote. Benki inakata ada ndogo ya kukusanya, na kwa hundi ya ndani ya nchi ada hiyo haiumizi.

*Muda*: siku 90, na siku chache za kazi juu yake hundi ipite.

*Asipolipa*: wewe. Lakini huna mtu wa tatu anayekudai, na hilo si jambo dogo.

*Wanachotaka*: akaunti tu. Hati ya ahadi au bili unaweza kuikabidhi benki mapema ili wao ndio waiwasilishe siku ya kukomaa. Nashauri ufanye hivyo hata kama unasubiri, kwa sababu mdaiwa anayeletewa hati na benki huichukulia kwa uzito kuliko anayepigiwa simu na msambazaji.

*Mnunuzi*: hakuna kinachobadilika.

Inamfaa mwenye mtaji wa kuzungusha, au mwenye faida nyembamba. Ukipata faida ya asilimia 6 kwenye mzigo na kuiuza hati yake kwa asilimia 5.4, umefanya kazi ya miezi mitatu kwa ajili ya benki. Watu wengi hukimbilia kuuza hati kwa mazoea, kumbe wangeweza kuomba siku 30 kwa muuzaji wao wa jumla na jambo likaisha bila gharama yoyote.

Njia ya pili: kumwomba mnunuzi alipe mapema kwa punguzo

Njia hii inasahaulika kuliko zote, na naipenda kwa sababu haina mtu wa kati.

*Mkononi*: inategemea mnakubaliana nini. Ukimpunguzia asilimia 2 akulipe ndani ya siku 10, unapata 9,800,000. Umetoa 200,000 ili upate fedha siku 80 kabla. Ukiigeuza kuwa riba ya mwaka ni kama asilimia 9.3, chini ya benki. Ukimpunguzia asilimia 5, unapata 9,500,000, na riba ya mwaka inakuwa kama asilimia 24. Kati ya hapo ndipo pa kujadiliana. Kwa namba zetu za mfano, ukikaribia asilimia 5, benki inaanza kuwa nafuu.

*Muda*: siku kadhaa, kama kampuni ina fedha na mhasibu ana uamuzi.

*Asipolipa*: swali linakufa. Ameshalipa. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoliua swali hilo kabisa.

*Wanachotaka*: barua ya ukurasa mmoja na hati ya kupunguza bei inayolingana na ankara, ili hesabu za VAT zisigongane. Usipunguze kwa mdomo. Punguzo la mdomo litakusumbua mwezi wa kufunga hesabu.

*Mnunuzi*: kila kitu kipo wazi. Wengine huogopa kuonekana wameishiwa. Lisemwe kibiashara: "Dada, habari za kazi. Ile ankara ya siku 90, mkinilipa wiki hii nawapunguzia asilimia mbili. Nikuandikie barua umpelekee mkubwa?" Mhasibu anayeokolea kampuni yake fedha hawezi kukudharau.

Inamfaa anayemuuzia kampuni yenye fedha lakini yenye mazoea ya kuchelewesha: kiwanda, mkandarasi mkubwa, hoteli kubwa. Haimfai anayemuuzia mtu ambaye naye anasubiri kulipwa. Huyo hata ukimpunguzia asilimia 10 hana cha kukupa. Na halmashauri au taasisi ya umma kwa kawaida haiwezi kuruka utaratibu wake kwa sababu ya punguzo lako.

Njia ya tatu: kuiuza benki kwa diskaunti

Hii ndiyo maana halisi ya kuigeuza hati kuwa fedha. Benki inakata riba mbele, inakupa kilichobaki, kisha siku ya kukomaa inachukua milioni 10 nzima kwa mdaiwa.

*Mkononi*: 10,000,000 mara asilimia 18 mara siku 90 gawa kwa 365 ni 443,835. Ongeza ada ya 100,000. Unashika 9,456,165. Hesabu hii ina kitu cha kuangalia. Riba imekatwa juu ya milioni 10, lakini fedha uliyoshika ni pungufu. Gharama ya 543,835 juu ya 9,456,165 kwa siku 90 ni sawa na asilimia 23 na kidogo kwa mwaka, si 18. Ada ya asilimia 1 inaonekana ndogo, ila inarudi kila hati, na hati ikiwa ya siku 30 ada hiyohiyo inauma mara tatu. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza kwa shilingi: "Nikikuachia karatasi hii leo, nitaondoka na shilingi ngapi?"

*Muda*: mara ya kwanza ni wiki kadhaa, kwa sababu benki inakupa kikomo cha diskaunti, yaani kiasi cha juu cha hati itakazonunua kwako, kama inavyokupa mkopo. Inakuchunguza wewe, halafu inamchunguza aliyesaini. Kikomo kikishakuwepo, hati inayofuata inaweza kuchukua siku mbili tatu. Kwa hiyo usiende ukiwa umeshabanwa. Nenda katika mwezi ambao huna shida.

*Asipolipa*: hapa soma mkataba neno kwa neno. Mara nyingi diskaunti ya benki zetu ni ya kurudi kwako: mdaiwa asipolipa, benki inachota milioni 10 kwenye akaunti yako, na riba ya siku zilizozidi juu yake. Maana yake hukuuza hatari, umeuza kusubiri tu. Diskaunti isiyorudi kwako ipo, lakini hutolewa pale aliyesaini ni benki au kampuni ambayo benki inaiamini kuliko inavyokuamini wewe, na bei yake ni kubwa zaidi.

Sheria inakuruhusu, unaposaini nyuma ya hati ya ahadi au bili kuihamisha, kuandika kwamba huwajibiki isipolipwa. Ukiandika hivyo, mnunuzi wa hati atashusha bei au atakataa. Angalau utakuwa umeijua thamani ya jina la mdaiwa wako sokoni, na hiyo ni taarifa nzuri kwa mtu anayefikiria kumpelekea mzigo wa pili.

*Wanachotaka*: leseni ya biashara, TIN, taarifa za benki za miezi kadhaa, mkataba au LPO, hati ya kupokelewa mzigo, risiti ya EFD. Kwa ankara, benki itataka mnunuzi asaini barua kwamba atalipa kwenye akaunti iliyopo kwao na si kwingine. Barua hiyo ndiyo mlango unaowagharimu wengi, si riba. Wapo wahasibu wa makampuni wasiosaini kitu chochote ambacho makao makuu hayajakiona, na makao makuu yapo Dar es Salaam.

*Mnunuzi*: atajua, kwa sababu ya barua hiyo. Kwa bili iliyokubaliwa si lazima imsumbue, kwani alishasaini kumlipa yeyote atakayekuwa na hati.

Inamfaa mwenye mauzo ya kila mwezi kwa mnunuzi yuleyule mwenye jina, anayeweza kugawanya gharama ya kufungua kikomo juu ya hati nyingi. Mwenye hati moja kwa mwaka atatumia nauli na muda mwingi kuliko faida.

Njia ya nne: kuiweka hati dhamana na kukopa

Watu huichanganya na ya tatu. Tofauti ni kwamba hapa hati inabaki yako, benki inaishikilia tu, na unakopa sehemu ya thamani yake.

*Mkononi*: tuseme benki inakubali kukopesha asilimia 70 ya hati. Unapata milioni 7. Riba ya siku 90 ni 310,685, na ada ni 70,000. Gharama ni 380,685, chini ya diskaunti, lakini umepata fedha pungufu pia. Kwa kila shilingi uliyoishika, mambo yanalingana.

Uzuri wake unajitokeza ukichukua ovadrafti badala ya mkopo wa mkupuo. Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti yako, na inakutoza kwa siku ulizotumia na kiasi ulichotumia. Kama unahitaji milioni 4 kulipa vibarua na mafuta, na baada ya siku 40 una fedha nyingine za kuzirudisha, riba yako ni 78,904. Linganisha na 443,835 za diskaunti. Kwa mtu ambaye shida yake ni ndogo kuliko hati yake, hakuna njia ya benki inayoikaribia.

*Muda*: kama ya tatu, pengine zaidi kidogo, maana dhamana lazima iandikwe rasmi.

*Asipolipa*: wewe, bila mjadala. Mkopo ni wako. Na taarifa ya kuchelewa kwako itaingia kwenye kumbukumbu za kampuni za taarifa za mikopo, jambo ambalo litakufuata benki nyingine.

*Wanachotaka*: yote ya njia ya tatu, na mara nyingi dhamana nyongeza. Hapa ndipo hati ya nyumba inapotajwa. Fikiri sana kabla hujaweka nyumba ya familia kwa ajili ya deni la mtu mwingine ambaye hata hamjuani vizuri.

Mwenye korosho za Mkinga au mazao mengine yaliyowekwa ghala lililosajiliwa ana mlango wa jirani: stakabadhi ya ghala, chini ya sheria ya mwaka 2005, nayo inaweza kuwekwa dhamana. Ubora wake ni kwamba nyuma ya karatasi kuna mzigo unaoweza kuuzwa, si saini peke yake.

*Mnunuzi*: anaweza asijue kabisa, kama ni bili au hati ya ahadi.

Inamfaa mwenye pengo dogo na la muda mfupi, na mwenye uhusiano wa siku nyingi na benki yake.

Njia ya tano: mtu wa mtaani au mkopeshaji mdogo

Hii tusiitukane kabla ya kuipima, kwa sababu inatatua kitu ambacho benki haitatui: leo saa tisa alasiri.

*Mkononi*: tuseme mfanyabiashara wa jumla anakupa milioni 8.5 kwa hati ya milioni 10. Umeacha milioni 1.5. Kwa siku 90 hiyo ni kama asilimia 71 kwa mwaka. Mkopeshaji mdogo mwenye leseni anapaswa kufuata kikomo cha Benki Kuu cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukikopa milioni 8.5 hiyohiyo kwa miezi mitatu, riba ni 892,500. Ni ghali, lakini tazama pengo kati yake na mtu asiye na leseni. Ndiyo maana kuuliza leseni si udadisi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe nayo, na kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wengi hawana.

*Muda*: saa chache.

*Asipolipa*: ni wewe tena, na hapa hakuna barua ya benki, kuna mtu mlangoni kwako. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hundi nyingi zimepigwa mistari miwili na kuandikwa kwamba ilipwe kwenye akaunti ya mlengwa tu. Hundi hiyo huwezi kumuuzia mtu. Anayekupa fedha juu yake anakukopesha na kushikilia hundi kama rehani, hata akikwambia ameinunua. Basi dai mkataba wa mkopo ulioandikwa, wenye kiasi, tarehe na riba, na usisaini karatasi tupu wala kumwachia kadi ya benki na namba ya siri.

*Wanachotaka*: hati yenyewe, kitambulisho, pengine shahidi. Wengine wanataka na wewe uandike hundi yako ya tarehe ya mbele. Kataa hilo kama akaunti yako haina fedha za uhakika. Kutoa hundi isiyo na fedha kunaweza kukupeleka kwenye kesi ya jinai, na deni la kibiashara halifanani na hilo hata kidogo.

*Mnunuzi*: hajui, mpaka siku anapoletewa hati na mtu asiyemjua.

Inamfaa mwenye dharura ya kweli ambayo kuikosa kunagharimu zaidi: mzigo unaodaiwa tozo za kuhifadhiwa bandarini, mgonjwa, oda kubwa inayofungwa kesho. Kwa mishahara ya kila mwezi haifai. Ukiitumia mara tatu mfululizo umeshakuwa mwajiriwa wa mwenye fedha.

Neno kwa wa mkonge na wauzaji wa nje

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na mpaka leo sehemu kubwa ya nyuzi zake inavuka bahari kabla ya fedha kurudi. Kwa hiyo hati za wauzaji wa nje zina taratibu zake.

Ukiuza kwa mtindo wa hati dhidi ya malipo, benki ya mnunuzi haimpi bili ya mizigo (karatasi ya meli ya kuchukulia mzigo) mpaka alipe. Ukiuza kwa hati dhidi ya kukubali, anapewa akishasaini bili ya siku 60 au 90, na kuanzia hapo mzigo ni wake na wewe una karatasi. Mitindo yote miwili kwa kawaida hufuata kanuni za ukusanyaji za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, namba 522, zilizoanza 1996. Chini yake benki ni mjumbe tu. Haikuhakikishii malipo.

LC, barua ya benki ya kuahidi malipo, ni kitu kingine. Chini ya kanuni za kimataifa za LC ziitwazo UCP 600, zilizoanza Julai 2007, benki iliyoitoa imejifunga kulipa yenyewe mradi karatasi zako zimekaa sawa. Bili iliyokubaliwa na benki ya namna hiyo ndiyo hati rahisi kuliko zote kuigeuza kuwa fedha, na ndiyo unayoweza kuiuza bila kurudi kwako kwa bei ya kuvumilika. Lakini herufi moja ya jina la meli ikikosewa, unarudi kuwa mtu anayesubiri huruma ya mnunuzi. Mlipe mtu anayejua kuandaa karatasi hizo. Fedha hiyo inarudi.

Riba ya hati za dola siku hizi huhesabiwa juu ya kipimo cha riba kinachoitwa SOFR, kwa kuwa kile cha zamani, LIBOR ya dola, kilisimama katikati ya 2023. Mkataba wa zamani unaotaja LIBOR uombe urekebishwe. Na kwa biashara ya ndani, kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni, hivyo ankara yako kwa mkandarasi aliyepo Tanga iwe ya shilingi.

Hati ikirudi

Njia yoyote uliyochagua, siku hati inapokataliwa fanya mambo mawili bila kuchelewa. Chukua maandishi ya benki yanayosema kwa nini imekataliwa. Kisha mpe taarifa ya maandishi kila aliyesaini nyuma yake kabla yako, kwa sababu anayenyimwa taarifa ndani ya muda unaofaa anaweza kuponyoka wajibu wake. Bili ya kutoka nje ya nchi huhitaji pia kuthibitishwa na mthibitishaji wa umma kwamba imekataliwa. Dai la mkataba linakufa baada ya miaka sita, lakini usilale ukitegemea hiyo sita. Mdaiwa anayeyumba ana wadai wengine, na anayefika kwanza hupata.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Mnunuzi ana fedha na anachelewesha kwa mazoea: mwandikie barua ya punguzo kabla hujaenda popote. Anza na asilimia 1 na nusu, usivuke 4 bila kupiga hesabu ya benki.

Mnunuzi ana jina, unampelekea mzigo kila mwezi, na faida yako inavuka asilimia 10: fungua kikomo cha diskaunti, na ujadili ada kuliko riba.

Pengo lako ni la wiki chache na ni nusu ya hati au chini yake: ovadrafti juu ya hati, urudishe mapema.

Una hati moja tu, na muuzaji wako wa jumla anakuamini: mwombe yeye siku 30, hati yako iache ikomae benki.

Humwamini sana aliyesaini: jaribu kuiuza bila kurudi kwako. Ukikosa mnunuzi kabisa, hilo ni jibu kuhusu mdaiwa wako. Usikope juu ya hati hiyo, na usimpelekee mzigo mwingine mpaka wa kwanza ulipwe.

Una hati ya halmashauri au taasisi ya umma: malipo yanaweza kuwa ya uhakika, tarehe haina uhakika. Diskaunti yenye riba inayoendelea kuhesabika baada ya siku 90 ni hatari kwako. Ovadrafti ndogo ni salama zaidi, na katika zabuni ijayo weka gharama ya kusubiri ndani ya bei.

Ni dharura ya leo na benki zimefunga: mkopeshaji mwenye leseni, kiasi cha dharura tu na si hati nzima, mkataba mkononi. Kesho asubuhi nenda benki ukaulize unaweza kuhamisha deni hilo kwa gharama gani.

Na kama bado hujasaini mkataba wa kupeleka mzigo, una nafasi ambayo wengine wote hapo juu hawana tena. Omba bili iliyokubaliwa au hati ya ahadi yenye tarehe, badala ya ankara tupu. Omba siku 45 badala ya 90. Omba robo ya malipo mbele. Mnunuzi anayekataa yote matatu bado unaweza kumuuzia, ila bei yake iwe na zile 543,835 ndani yake.